Tangi Chini ya Kiti cha Dereva

Baba yangu alilipwa gari badala ya kiinua mgongo. Chama cha ushirika kilichomwajiri Newala kilikuwa kimekata roho, wanunuzi binafsi wa korosho wameingia na malori yao na mizani yao, na wakubwa wa ofisi wakagawana viti na makabati. Baba, aliyewaendesha miaka yote kwenye Landrova kuukuu, akaambiwa aichukue hiyo hiyo. Ilikuwa juu ya mawe, na tangi lake la mafuta, lile linalokaa chini ya kiti cha dereva, lilikuwa limeliwa na kutu mpaka ukichungulia unaona ardhi. Watu walikuja kumpongeza. Mimi nilikasirika, na hata leo nikikumbuka pongezi zile nakasirika upya.

Lakini baba alikuwa na lake moyoni, nalo lilikuwa mama. Sisi tunakaa juu na maji yako chini bondeni. Mitambo ya kusukuma maji ilikuwa imekufa zamani, bomba la mtaani kwetu likabaki la kufungia mbuzi. Mama alishuka mlima kila alfajiri na kuupanda na ndoo kichwani, na nyonga yake ya kushoto ilikuwa imeanza kumgomea. Dada zangu wameolewa mbali. Mimi, binti pekee asiyeolewa, nilikuwa Masasi. Kiwanda nilichobangulia korosho kilifungwa, nikajipatia meza ya mitumba sokoni na chumba mtaa wa Lisekese, chumba cha kwanza maishani mwangu ambacho ufunguo nilikuwa nao mwenyewe. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kwetu sote watatu, ingawa hakuna aliyeyatamka. Landrova ikitembea, italeta maji kwa mapipa na mama atapumzika. Isipotembea, kuna mtu itabidi arudi nyumbani, na mtu huyo ni mimi.

Kwanza baba aliziba matundu kwa sabuni ya mche. Ilishika kidogo, ikaachia. Akaweka dumu la petroli ndani ya gari, karibu na goti la abiria, akavuta mpira mpaka kwenye injini. Mama alipanda, akalitazama lile dumu, akashuka. Ndipo baba akaniagizia nitafute tangi.

Nililitafuta kuliko nilivyowahi kutafuta mchumba. Nililipata nyuma ya gereji moja palepale Lisekese, kwenye Landrova nyingine iliyokwisha kuota majani mpaka kwenye usukani. Fundi alilifungua huku akininong'onea kwamba nina bahati. Nikapanda nalo kwenye lori lililokuwa linapeleka magunia matupu Newala, nikalipakata njia nzima, na tulipopita Chiungutwa watu waliniuliza kama nimebeba jeneza la mtoto. Sikucheka.

Baba alilipokea kwa mikono miwili. Aliligonga kwa vidole, akaunusa mdomo wa tangi, akatia kokoto na petroli kidogo ndani, tukashika kila mtu upande wake tukalitikisa mpaka mikono ikafa ganzi. Kutu ikatoka, nyekundu. Nilipouliza kwa nini tusilisuuze kwa maji kama gereji za Masasi, alinijibu, "Maji aliyoyabeba mama yako hayaoshei chuma." Akaliweka uani likauke, tukaenda mjini kutafuta mpira wa kujazia mafuta na klipu zake.

Tukiwa huko ikanyesha mvua ya kwanza ya msimu. Asiyezaliwa kwetu hajui mvua ile inamfanya nini mwanamke. Kila chenye mdomo kinakwenda chini ya paa. Tuliporudi tulikuta masufuria, mabeseni, chungu, kinu, hata kopo la kuogea, vyote vimepangwa foleni ukutani. Na pale kwenye pembe ya bati, panapomwagika maji mengi kuliko kwingine, lilikuwa tangi letu, mdomo juu, linafurika.

Mama alikuwa amelowa chapachapa na anatabasamu. Sikuwa nimemwona hivyo tangu niwe mtu mzima.

"Limejaa lote," alisema. "Na halivuji hata tone."

Nilifungua mdomo. Baba akanitazama, nikaufunga. Hakumgombeza, wala hakueleza kitu. Alimwambia ahsante, kwa kuwa sasa tumejua tangi ni zima. Mama alikataa katakata maji yale yamwagwe ovyo. Tukaliinamisha tangi kwenye mabeseni, maji yakitoka na harufu ya petroli, naye akasema atayafulia magunia.

Shida ya tangi la namna ile ni kwamba ndani lina vibati vya kuzuia mafuta yasichezecheze, na nyuma ya vibati hivyo maji hujificha. Nati ya chini ya kumwagia uchafu ilikuwa imeng'ang'ania kwa kutu, spana zikateleza mpaka baba akaacha. Lilihitaji jua, jua kali la siku nyingi. Mawingu yakatanda. Kisha mama akarudi kutoka bondeni goti limechubuka na ndoo tupu, akasema ameteleza tu, na baba akachukua spana bila kusubiri zaidi.

Tuliking'oa kiti, tukalala chini kila mmoja upande wake. Matundu ya bolti hayakulingana, baba akayatanua kwa tupa. Akatandika vipande vya tyubu ya baiskeli ili chuma kisisugue chuma, akafunga mpira na klipu, akamimina petroli yote tuliyokuwa nayo. Landrova ilikohoa, ikaunguruma, majirani wakatoka. Nilimwona baba akifuta macho kwa kiwiko chenye grisi, na mimi, mjinga, nikaanza kupanga nitapanda lori gani kurudi Masasi.

Tulishuka bondeni mama akiwa mbele na kanga mpya. Gari lilikwenda vizuri. Tukajaza mapipa, wanawake pale kisimani wakimpisha mama kama bibi harusi. Lakini tulipoanza kupanda, na gari likainua pua, maji yaliyojificha yakarudi nyuma kwenye bomba la kunyonyea mafuta. Injini ikakohoa. Ikazima.

Tukaweka mawe nyuma ya magurudumu. Baba akafungua kibakuli cha chujio la mafuta, kimejaa maji ya rangi ya chai. Akamwaga, akawasha, ikaunguruma kidogo, ikazima. Akamwaga tena. Alirudia hivyo mpaka betri ikafa, na petroli ikawa nyingi ardhini kuliko ndani ya tangi. Magurudumu yakaanza kuteleza juu ya mawe, ikawa lazima mapipa yapunguzwe.

Hakuna mtu wa kwetu anayemwaga maji njiani. Wanawake waliokuwa wanashuka na ndoo tupu waliitwa wakinge hapohapo. Walimshukuru sana baba. Walimwambia kwamba amewapunguzia mlima, Mungu amzidishie. Yeye aliinamisha kichwa akishikilia pipa, na kila shukrani niliiona ikimwingia. Walipokwisha, ilibaki ndoo moja iliyojaa, ya mama.

Mama alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara, ameunyoosha mguu.

"Ni yale ya mvua?" aliuliza.

"Hapana," baba alisema. "Ni uzee wa gari tu."

Miaka yote ya ndoa yao nilikuwa sijamsikia baba akimdanganya, na nadhani hata yeye mama alikuwa hajamsikia. Alisimama akishika mlango, akaipinda ile kanga mpya kuwa kata, akaiweka kichwani, akaishika ndoo ajitwishe. Nyonga ikakataa. Akajaribu mara nyingine, akiuma mdomo, na baba akageukia boneti akajifanya anatafuta kitu.

Kisha mama aliitoa ile kata kichwani mwake akaja nayo kwangu. Machozi yalikuwa yananitoka, ya hasira zaidi kuliko huruma, na sikuyaficha. Nilikifikiria chumba changu Lisekese, nguo zilizoning'inia kwenye kamba, ufunguo ulio mfukoni. Mama aliyaona yote hayo usoni mwangu, na alingoja.

Nikainama, akanitwisha.