Divai ya Marehemu kwenye Tapi

Uvumilivu wangu uliisha siku shefu wa mume wangu aliposimama katikati ya sebule yetu na watu wawili wa biro ya nyumba, akanyoosha kidole kwenye madoa mekundu ya tapi, zulia la sakafuni, akaniuliza:

"Mama, humu ndani ni watoto njo wanakunywa divai?"

Wale wawili wakacheka. Mume wangu akatazama dirishani kama mtu anayengoja treni ya Kabalo. Nilikuwa na mtoto mgongoni.

"Hapana, Papa," nikajibu. "Ni marehemu wako njo wanakunywa."

Kicheko kikakatika.

Nyumba ilikuwa ya reli. Mzungu aliyekaa humo aliondoka mwaka wa uhuru, akaacha viti, kabati na hilo tapi zito la rangi ya mchanga, vyote mali ya kampuni. Sisi tulitoka kambi ya wafanyakazi, chumba kimoja ambacho saruji yake ilitoa maji msimu wote wa mvua, na kifua cha mwanangu kikawa kinalia kama filimbi. Kwenye tapi alijifunza kutambaa, na kikohozi kikaisha. Sheria ya biro, ofisi iliyogawa nyumba hizo, ilikuwa fupi: anayeharibu vitu vya nyumba anarudi kambini. Kwa hiyo nililinda lile tapi kama ninavyolinda kifua cha mtoto.

Shefu, ambaye ndiye aliyesimamia nyumba za watu wa idara yake, alikuja kila Jumapili baada ya misa na kukaa kwenye kiti kile kile karibu na redio. Kabla ya kuonja divai yake alimwaga kidogo chini, kwa ajili ya waliotangulia. Sina neno na desturi hiyo. Baba yangu, kule Zongwe, alifanya hivyo na pombe ya mahindi, tena kwa heshima. Udongo ulikunywa na mambo yakaisha. Tapi halinywi. Linashika.

Kutoa divai nilijua, masista walitufundisha. Usisugue, ukisugua unaipeleka ndani. Unagandamiza kitambaa kikavu mpaka kinywe kile kinachokubali kutoka, kisha unafunika doa kwa chumvi, ile ya Uvinza inayovushwa ziwa kutoka Kigoma, yenye chembe nene. Inageuka rangi ya waridi. Unaifagia, unarudia kwa maji baridi na siki kidogo. Maji ya moto usiyaguse, yanapika rangi. Lakini lazima doa liwe bichi, na doa gani litabaki bichi wakati mkubwa wa mume wako ameliwekea kiatu juu, anaongea mpaka ugali unapoa? Nikimwendea na kitambaa, mume wangu ananikonyeza nirudi jikoni.

"Mwambie," nilimwambia mume wangu.

"Nimwambie nini? Kwamba mke wangu anawanyima marehemu wake?"

"Amwagie nje."

"Mama, unataka nirudi kupiga nyundo kwenye reli?"

Nikajaribu adabu. Niliweka karibu na kile kiti kopo la maziwa ya unga, nimelijaza mchanga wa ziwani, nimeuchekecha. Shefu alilitazama sana.

"Hii ya nini, Mama?"

"Ya wakubwa, Papa. Wapate udongo wao."

"Wakubwa wangu si kuku, wanywe kwenye kopo." Akamwaga pembeni mwa kopo, polepole, akinitazama.

Hata hapo nilifikiri labda mtu aliyelelewa kwenye sakafu ya udongo haoni kwamba chini yake kumebadilika. Tulikuwa wengi hivyo miaka ile, tumeingia katika nyumba ambazo mikono na miguu yetu haikuzijua. Mimi mwenyewe nililala wiki za kwanza nikiogopa kuchafua kuta. Nikamhurumia, kusema kweli.

Kisha mke wake akajifungua, nikaenda kumwona na kapu la samaki. Kwao kulikuwa na tapi kubwa kuliko letu, safi kama kitambaa cha altare. Shefu alifungua chupa, akainuka, akatoka mpaka barazani, akamwaga kwenye udongo wa maua, akarudi kukaa. Miguu yake haikusita hata kidogo. Alijua. Muda wote alijua.

Juma lililofuata ndipo alipokuja na wale wawili kukagua. Baada ya jibu langu alisema tuanze kufunga mizigo. Jioni mume wangu alinisihi niende kuomba msamaha. Asubuhi nilimfunga mtoto mgongoni, nikaenda biro ya nyumba.

"Bwana yako iko wapi?" karani akaniuliza. "Mwanamuke haleti mashitaka peke yake."

"Yuko kazini, kwa huyo ninayemshitaki. Andika, ama unipe kalamu."

"Ee, Mama wa masista," akasema, akanisukumia kalamu.

Niliandika kwa Kifaransa. Maana yake ilikuwa hii:

"Kwa mkuu wa biro ya nyumba. Mimi, mke wa mfanyakazi, mkaaji wa nyumba ya reli, namshitaki shefu wa mume wangu kwa kumwaga divai kwa makusudi kwenye tapi la kampuni. Madoa yako mbele ya kiti kimoja tu, anachokaa yeye. Hakuna mahali pengine. Kwake humwagia nje, nimeona kwa macho yangu. Naomba mtu mwingine aje kukagua, si yeye. Naomba tusihamishwe kabla ya hapo, kwa sababu kifua cha mtoto wangu hakiwezi kambi. Siwashitaki marehemu wa mtu. Mume wangu hakunituma."