Waliosikiliza Pikipiki ya Baba

Fundi yule alikuwa na masikio mawili kama mimi na wewe, lakini alitembea nayo mjini Ifakara utadhani ni vyeti. Ukimpelekea pikipiki inayogonga, aligusisha ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini akauweka sikioni, akafumba macho kama padri anayesikiliza maungamo, halafu akatoa hukumu. Na hukumu ilikuwa ile ile siku zote: injini ifunguliwe. Sikuwahi kumsikia hata mara moja akisema kitu kimelegea, kikazwe, mtu aende zake nyumbani. Debe tupu haliachi kuvuma, na lile lilivuma tangu asubuhi mpaka soko lifungwe.

Na mimi ndiye niliyempelekea pikipiki ya baba.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kichwa kimejaa upepo. Baba alikuwa ameendesha mashine ya kukoboa mpunga zaidi ya miaka ishirini, ikamla masikio. Ukitaka akusikie, sharti umwinamie na upige kelele. Goti moja nalo lilikuwa limekwisha. Shamba letu lilikuwa mbali, njia ya Kiberege, na mpunga ulikuwa umeanza kutoa masuke. Kila mtu wa bonde lile anajua maana yake: alfajiri usipokuwa juu ya dungu unafukuza ndege, jioni unakuta wamekuachia majani. Kwa miguu baba asingewahi. Pikipiki ile kuukuu, tangi limepauka, kiti kimeshonwa kwa waya, ndiyo iliyomfikisha.

Utauliza kwa nini nisiende mimi. Mimi? Msomi mzima nikapige debe juu ya dungu, ndege wanione? Thubutu!

Basi pikipiki ikaanza kugonga. Ngo, ngo, ngo, hasa ikipanda mwinuko au ikibeba mzigo. Tukaikokota mpaka kwenye kibanda cha fundi, mbele ya benchi la wanaume wasio na kazi ambao kila mmoja alikuwa daktari wa injini. Mmoja akasema ringi. Mwingine, ambaye hata baiskeli hakuwa nayo, akasema cheni ya ndani. Fundi akawanyamazisha kwa mkono, akafanya ibada yake ya bisibisi, akafumbua macho taratibu.

"Konrodi," akasema, yaani chuma cha ndani kabisa ya injini. "Hii tupasue." Kisha akanigeukia mimi, akamwacha mwenye mali. "Wewe bwana mdogo umesoma, utanielewa. Hawa wazee wetu ni kuwabembeleza tu."

Alinivisha kilemba cha ukoka, nami nikakishika kwa mikono miwili kisianguke.

Baba hakuwa amesikia neno. Aliniashiria nivute mafuta, akaweka kiganja kimoja juu ya injini na kingine kwenye fremu. Akakaa hivyo kwa muda, uso umetulia. Halafu akasema, kwa ile sauti kubwa ya watu wasiojisikia, "Injini ni nzima. Ila hivi viwili havitetemeki pamoja. Bolti inayoishika injini imelegea. Mashine ya kukoboa nayo, bolti za sakafuni zikilegea, hugonga hivi hivi."

Benchi zima likaangua kicheko. Fundi akanitazama akisubiri. Nami nikainama kwenye sikio la baba, nikapaza sauti kiasi kwamba hata wauza dagaa ng'ambo ya barabara walisikia: "Baba, redio yenyewe huisikii, utasikia injini?"

Walicheka mpaka wakafuta machozi. Baba akaondoa mikono, akaipangusa kwenye suruali. "Haya," akasema. "Kijana amesoma."

Fundi akapasua. Vyuma vya baba vikalala siku tatu juu ya gunia, chini, huku upepo ukivimwagia pumba kutoka mashine ya jirani. Gasketi ya kuzuia oili isivuje akaikata kwenye boksi la sabuni, lo! Alipomaliza kufunga, akapiga kiki, ikawaka, na ngo, ngo, ngo, ile ile, haijapungua hata kidogo. Nikamwona akichukua spana, eti anamalizia malizia, akaingiza kwenye bolti ile aliyoitaja baba. Ilizunguka karibu mzunguko mzima. Mlio ukakatika.

"Si nilikwambia?" akasema fundi, bila haya, anajipangusa mikono. Na mimi, mjinga mkubwa, nikamshukuru.

Ilivuja oili wiki nzima na kutoa moshi wa kufukuza mbu. Asubuhi moja, kabla ya kufika Kiberege, injini ikakamata, ikazima ghafla, baba akiwa juu yake. Haikuwaka tena. Tangu hapo alitoka nyumbani giza bado nene, na fimbo, akichechemea, na kila siku ndege walimtangulia. Siku ya tatu nikaanza kwenda mimi. Nilikuwa nimechelewa; sehemu kubwa ya shamba ilikuwa imesimama na masuke matupu.

Miaka yote hii nimemtukana fundi yule, na bado namdharau. Lakini siku tuliyokuwa tunavuna kile kidogo kilichobaki, mzee wa shamba la pili alikuja kutupa pole. Akamsogelea baba, akampazia sauti: "Mwenzangu, si ulikuwa na pikipiki? Nani kakuharibia?"

"Fundi," baba akajibu. "Huyu kijana wangu alinikataza nisiifungue. Ubishi wangu tu."

Nilikuwa nyuma yake, nimeshika fungu la masuke. Yule mzee akanitazama kwa heshima, akatikisa kichwa. Nikamwamkia shikamoo, nikaendelea kukata.