Magoti ya Baba na ya Mtawala wa Warusi

Punda wetu aliwahi kula kofia ya baba. Hilo halihusiki, ila baba alinunua nyingine, na juzi pale Mikumi, televisheni ya gesti ilipoonyesha mtawala wa kale wa Warusi amepiga magoti hemani, nikaikumbuka hiyo kofia ya pili.

Nilikuwa mtoto wakati ule, na mpunga wetu wa Tindiga ulikuwa unakauka, maana kijana mwenye shamba la juu alikuwa ameziba mfereji. Mchana mmoja baba alimfuata, akavua kofia, akapiga magoti vumbini, akamwamkia kijana yule wa kumzaa mwenyewe, "Shikamoo."

"Marahaba," kijana akaitikia, hata haya hana.

Nililia. Mjomba, aliyewahi kusoma Urusi, alikuwa tutani akimenya muwa.

"Mjomba, kumbe baba mwoga?"

"Koma wewe! Kule Urusi Wamongolia walichoma miji. Mtawala mmoja, mshindi wa vita, akaenda kwa mkuu wao akapiga magoti. Watu wakamsema, lakini mji wake ukabaki."

"Halafu akalipiza?"

"Akaenda tena na tena kuwaombea watu wake. Mara ya mwisho akafia njiani akirudi."

Mimi nilidhani Wamongolia wanakaa nyuma ya milima ya Mikumi, nikawa natafuta moshi wao. Badala yake nikasikia maji yakija mferejini, na harufu ya udongo ulioloa. Baba alikuwa anarudi, magoti meupe kwa vumbi, nikamwona mrefu ajabu.

Mjomba akanipa kipande cha muwa, akapangusa kisu, akashika njia ya Kilosa kuwahi treni. Hatukumwona tena.