Soudure Haipendi Upepo

Bibi yangu, mama ya batoto bangu, alibaki Beni kwa dada yake, akaniambia kwa telefone: «Siku mulango utakuwa wa chuma, ndio nitakuja kulala Butembo. Kabla ya pale, hapana.» Sikubishana naye. Nyumba ya matofali nilikwisha kuisimamisha hapa Bulengera, mtaa wa Butembo, mabati iko juu, lakini pa kuingilia palikuwa wazi, nikiegemeza tu bati moja na jiwe. Yeye na mimi tunajua mulango mubaya unafanya nini.

Ule wa kwetu, kule upande wa Kalunguta, ulikuwa wa mbao za eucalyptus. Nitasema bila kuzunguka nani aliuvunja. Ni bale ba mapanga, balitoka pori saa za mchana, sisi tuko tunakula maharagwe. Lakini siishii kwa bale. Kila mutu anaishia pale, na benye makosa bengine banalala usingizi muzuri. Nataja chef wetu wa localité, mukubwa wa kijiji, alipita nyumba kwa nyumba kule tulikokimbilia akisema turudi, amani imefika, kahawa inaoza. Nataja basoda, maaskari ba position ya juu ya kilima: balisikia makelele yetu bakangojea ordre ya mukubwa wao, na ile ordre ilibakuta sisi tuko tunazika. Na nataja seremala. Bawaba za ule mulango alizipiga misumari mifupi, ile mirefu nilimununulia akaiweka kwake. Leo yuko Kimemi, hapa hapa Butembo, anatengeneza milango ya batu, anasalimia vizuri.

Yaya yangu, mukubwa wangu wa tumbo moja, aliweka mugongo kwa ule mulango ili sisi wengine tupite dirisha la jiko. Tulipita. Misumari ilitoka yote kwa pamoja.

Basi nani angenishauri nimupe fundi mwengine kazi ya mulango? Nilisema nitautengeneza mimi mwenyewe, na kila msumari nitaujua. Chuma haina msumari, iko na soudure, kuunganisha kwa moto, na soudure sikuijua. Masomo yangu niliyaachia shule ya primaire, mikono yangu ni ya jembe.

Mutoto wa baba mudogo, mwenye anauzisha vyombo vya mafundi katikati ya mji, alikuwa na poste moja, mashini ya kuchomelea, aliyoleta toka mbali na hakuna aliyeitaka. Basoudeurs wote ba hapa banatumia baguette, kile kijiti cha chuma kinachoyeyuka. Hii yenyewe inatumia waya. Waya imezungushwa ndani kwa rouleau. Unakamata pistolet, unabonyeza, waya inatoka na moto na inayeyuka. Pembeni kuna bouteille ya gaz, mtungi wa chuma. «Chukua, yaya,» aliniambia, «ukishajua kuitumia, batu bataona, nami nitauzisha zile zingine.» Nilipakia poste kwa moto, pikipiki ya kukodi, bouteille nikaipakata kama mutoto mugonjwa, tukapanda mpaka nyumbani.

Jirani yangu ni soudeur wa baguette, kijana mwenye mudomo. Alikuja kuangalia, akazunguka poste kama mbuzi ya kununua.

«Vieux, hii ni poste ama ni pompe ya kupulizia kahawa dawa?»

«Ni poste ya waya.»

«Na baguette?»

«Hakuna. Waya inajitokea yenyewe.»

«Ah bon! Donc leo utatupikia tambi.»

Na tambi nilizipika. Siku ya kwanza nilifungua vitesse ya waya, mwendo wake, mingi, ikatoka bila kuyeyuka, ikajikunja mbele ya pistolet kama nyuzi za kamba. Alicheka mpaka akakaa chini. Siku ya pili niliipunguza sana, moto ukapanda ukala ncha ya pistolet. Halafu kidogo kidogo sikio likanifundisha. Ikiwa sawa inalia kama ndizi kwa mafuta ya moto, bila kuruka. Ikipiga paa, paa, kuna kitu unakosea. Nilijua pia kushikisha pince ya masse, ile koleo ya kurudisha umeme, kwa chuma safi, hapana kwa kutu. Nilijua kupiga nukta huku na kule kwanza, kwa sababu ukianza kushona moja kwa moja chuma inajipinda. Jirani alianza kuniita «collègue», kwa kucheka, lakini aliniita.

Kitu kimoja kilikataa. Kila mustari niliochomelea ulikuwa na matundu. Juu ulionekana chuma. Ukisaga kwa meule, jiwe la kuzunguka, ndani ni kama andazi ulilolivunja: tundu, tundu, tundu. Jirani alipiga nyundo kwa bawaba niliyoshikisha, bawaba ikaanguka.

«Collègue,» alisema, na safari hii hakucheka, «hii hata mbuzi anatoka.»

Niliokota ile bawaba nikaiangalia kwa mukono. Nilimuona seremala ndani yake. Nilikuwa nimetengeneza kazi yake yeye, kwa chuma.

Nilibadilisha kila kitu. Nilisugua chuma mpaka ikang'aa. Niliongeza gaz, nikapunguza. Matundu yalibaki. Jirani hakuweza kunisaidia. Gaz haijui, baguette yake haihitaji. Na wakati wote bibi yangu alikuwa anapiga telefone kutoka Beni, anauliza jambo moja tu, kama mutu anayeuliza mugonjwa: «Mulango?»

Siku moja alipiga nikiwa kazini. Nilisukuma masque ya kuchomelea juu ya kichwa, nikamuambia soudure yangu ni mbovu, atafute hata mutu wa kumupa nyumba kule kule.

Akauliza: «Ni nini inavuma hivyo?»

«Ni upepo.»

«Uko fasi gani?»

«Inje. Kwa parcelle, mbele ya nyumba.»

«Na gaz inatoka wapi?»

Nilimueleza vile nilielezwa: inatoka kwa mudomo wa pistolet pamoja na waya, inafunika chuma inayoyeyuka, hewa isiingie ndani.

«Sasa, baba ya batoto,» alisema, «wewe unakaa juu ya kilima cha Bulengera, upepo unachukua hata kofia ya mutu, na gaz yako unafikiri inabaki kukungoja? Ingia ndani, ufunge.»

Nilimuambia nilikwisha kujaribu kufunika na bâche, lile turubai, cheche zikaitoboa. Ilikuwa kweli, lakini hakudanganyika.

«Haukuingia ndani,» alisema polepole, «kwa sababu hauwezi kufunga.»

Hatukuwa tumeongea jambo hili hata siku moja. Tangu Kalunguta mimi sikai fasi imefungwa. Kanisani nasimama karibu na kutoka. Na masque ile inakufanya kipofu: ukiishusha unaona moto tu, hauoni nani anakuja nyuma yako. Inje, niliweza kuivumilia. Ndani, na pa kutokea pamefungwa, hapana. Nilikuwa natengeneza mulango wa chuma, na mimi mwenyewe mutu asiyeweza kufunga mulango. Upepo ulikuwa unajua kabla yangu.

Hakunipa shauri lolote. Alisema tu salamu, akakata.

Siku ile ingine, asubuhi, niko nasaga chuma, nilisikia moto inasimama kwa barabara. Ni yeye. Alishuka na kikapu, kitambaa cha kichwa kimejaa vumbi ya njia yote ya kutoka Beni.

«Mulango haujaisha,» nilimuambia.

«Naona. Macho niko nayo.»

«Ulisema—»

«Nilisema kulala. Sasa ni mchana.»

Jirani alikuja kumusalimia: «Mama, karibu! Mulango wa mzee uko tayari kwa kuchuja unga.» Yeye akamujibu: «Mwanangu, nasikia wewe ni fundi. Kamata basi huku.» Akamufanya abebe vyuma vyangu vyote ndani ya nyumba, na poste, na bouteille. Dirisha za juu, upande usio na upepo, tuliziacha wazi kwa ajili ya moshi. Halafu akachukua lile bati langu, akanisukuma ndani, akaliegemeza pa kuingilia. Upepo ulilitikisa. Nilimusikia anavuta kiti kidogo, anakaa, na bati likatulia. Alikuwa ameliegemea kwa mugongo.

Nilisimama mule ndani, pistolet mukononi, bila kubonyeza. Mutu wangu tena, na mugongo wake tena, kwa mulango mubovu.

«Toka pale,» nilimuambia.

«Hapana.»

«Mama ya batoto, nakuomba toka pale.»

«Nawaona batu wote,» alisema kupitia bati. «Namuona mama wa ndizi anapanda. Naona jirani yako anajifanya kufanya kazi. Jua linawaka. Hakuna mwengine. Piga soudure.»

Akatoa maharagwe kwa kikapu, akaanza kuyatoa maganda, na kila wakati nilipokawia alinitajia aliyepita: huyu ni pasta, huyu ni mbwa, huyu ni mutoto wa shule ametoroka. Nilishusha masque. Nilibonyeza. Ililia kama ndizi kwa mafuta.

Niliposaga ule mustari, ndani palikuwa chuma tupu, bila hata tundu moja.

Kazi ile haikuisha mara moja, na kila mara alikaa pale pale. Jioni alipanda gari kurudi Beni, asubuhi ingine alikuja tena, kwa sababu neno lake lilikuwa neno. Dada yake alimuuliza kama amepata kazi ya sentinelle, ya kulinda mulango, Butembo.

Siku tulipousimamisha, jirani alipiga nyundo kwa bawaba mpaka akachoka. Bibi yangu alimusogeza pembeni, akakunja kikwembe alichojifunga, akaupiga mulango teke kwa nguvu ya hasira yake yote, na mimi najua ile hasira ilikuwa inapiga nani. Mulango haukusema kitu. Yeye alirudi nyuma anachechemea.

«Chuma yako inauma,» alisema.

Akaingia na kikapu, akakaa chini kushika kidole cha muguu, akaniangalia mimi niliyebaki kwa kizingiti.

«Ingia,» alisema. «Funga wewe mwenyewe.»