Safiya Apanga Meno ya Bi Kamlesh

Binti ninayemwandika hapa si wangu. Ni wa Azizi, aliyekuwa mume wangu, na wa Shemsa, ambaye kabla hajawa mke wake alikuwa akija kwangu Small Heath, mtaa wa Birmingham, kunywa chai na kunisuka nywele. Azizi aliponiacha alinipa sababu moja tu: mke asiyekwenda shule hawezi kulea watoto katika nchi ya wasomi. Nilikuwa nimepiga pasi mashuka ya hoteli miaka mingi ili yeye asome. Hayo nayasema mara moja, yaishe.

Basi fikirini nilivyojisikia Septemba ya mwaka 2018, pale karakana ya Saltley ninapofanya usafi, mwenye karakana aliponiletea msichana wa miaka kumi na saba, mtandio wa kijivu, pua ya Azizi ile ile, akasema, "Dada, huyu ndiye mwanafunzi wetu."

Karakana hiyo inatengeneza meno bandia. Iko ghorofani, juu ya chumba cha daktari wa meno, na mwenyewe ni Gurnam, Kalasinga mwenye kilemba cha bluu na mdomo usiopumzika.

"Shikamoo, Mama Mkubwa," msichana akasema. Kumbe alikuwa ananijua. Shemsa amemfunza adabu, hilo siwezi kukataa.

"Marahaba," nikajibu, nikainama kwenye ndoo yangu.

Jina lake Safiya. Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza, kama watoto wote waliozaliwa Birmingham. Alikuwa akisoma chuoni siku tatu kwa wiki, na siku mbili alikuwa kwa Gurnam. Nilimuuliza Gurnam anamlipa kiasi gani.

"Halipwi, dada. Anahesabiwa."

"Anahesabiwa nini?"

Akanieleza. Kazi ya pale karakana ilikuwa sehemu ya masomo yake, sawasawa na hesabu na sayansi. Kabla chuo hakijafunga mwaka ilikuwa lazima apange meno ya mdomo mzima kwa mikono yake, daktari ayajaribu kwa mgonjwa na kuyakubali, kisha Gurnam atie saini. Bila saini hiyo, mwaka wake wote bure.

Neno hilo la kuhesabiwa nilirudi nalo nyumbani. Mikono yangu imefua, imekunja, imepiga deki tangu kabla ya huyu mtoto kuzaliwa, na sijawahi kusikia mtu akisema hayo ni masomo. Leo mtoto wa Azizi anakaa mezani na kisu na nta, na serikali inamwandikia kuwa amesoma. Nikakaa nikisubiri ashindwe.

Na mwanzoni alishindwa kweli. Plasta ilimgandia bakulini. Nta ya moto ilimuunguza vidole. Meno yalimponyoka yakabingirika chini ya makabati, na mimi ndiye niliyekuwa nikiyafagia.

"Mama Mkubwa, umeona gego langu?"

"Mimi na gego lako wapi na wapi? Tazama kwenye kizoleo."

Alikuwa akicheka, anapiga magoti, analitafuta. Hakununa hata siku moja. Hilo sijui alilitoa wapi, maana baba yake namjua.

Ilipofika Juni Gurnam akampa mdomo wa Bi Kamlesh, mjane wa Acocks Green aliyebaki bila jino hata moja. Inavyokwenda ni hivi. Daktari anachukua alama ya ufizi, alama inamiminiwa plasta, na unapata fizi mbili nyeupe, ngumu kama jiwe. Hizo zinafungwa kwenye chuma chenye bawaba kinachofumbua na kufumba kama taya. Juu yake unaweka ukuta wa nta ya rangi ya waridi, na ndani ya nta unapanda jino mojamoja kwa kisu cha moto. Yakishakubaliwa mdomoni mwa mgonjwa, ndipo nta inayeyushwa na plastiki ngumu inaingia mahali pake.

Safiya aliyapanga wiki nzima. Siku alipomaliza, Gurnam alikuwa harusini Coventry, basi Safiya akaniita mimi.

"Mama Mkubwa, njoo utazame."

Nikaenda na ufagio wangu. Katikati ya meno mawili ya mbele alikuwa ameacha mwanya, mwembamba, umesimama wima, mwanya wa kuimbiwa ngoma.

"Mashallah," nikasema kabla sijajizuia.

"Mama anao kama huu."

"Najua." Mwanya ule wa Shemsa ulinichoma mimi kabla yeye hajazaliwa.

Asubuhi Gurnam akalishika lile taya, akalipeleka dirishani. "Puttar," akasema, ndivyo anavyoita mtoto kwa Kipunjabi, "hapa katikati unapitisha treni ya kwenda London?"

"Ni mwanya, Mjomba."

"Naona. Unafanya nini hapa?"

"Ndio uzuri wenyewe."

"Uzuri wa nani?"

Safiya akanitazama. Na mimi nikamtazama. Haikuwa imemjia akilini yeyote kati yetu kwamba kuna watu duniani wanaokwenda kwa daktari kuuziba.

Gurnam akatoa picha iliyoletwa na mgonjwa, ya zamani, Bi Kamlesh yuko harusini kwa binti yake anacheka kwa kichwa nyuma. Meno yake yalikuwa yamebanana kama watu kwenye lifti. "Akivaa haya, dada zake watauliza amepigana na nani."

"Nitayasogeza mawili yakutane."

"Ukisogeza mawili, yote yaliyobaki yanakuwa uongo. Na mama huyu anakuja leo saa nane. Chuo kinafunga wiki hii, siku nyingine hakuna."

"Basi nisaidie, Mjomba."

"Nikipanga mimi nitahesabiwa mimi, na mimi nilishahesabiwa zamani." Akavuta kiti, akakaa nyuma yake, mikono kifuani.

Nilidhani Safiya atalia. Ningelia mimi. Alikunja mikono ya shati, akawasha moto, akayang'oa meno yote kutoka kwenye nta, akayalaza juu ya kitambaa kwa mpangilio wake. Fizi zikabaki tupu. Halafu akaisimamisha ile picha mbele yake, akaitazama kwa muda mrefu hata nikafikiri amekata tamaa.

Kisha akaanza.

Sijui niielezeje mikono ile. Kisu kiliingia motoni, kikaingia kwenye nta, jino likakaa, na kabla nta haijapoa kidole chake kilikuwa kimelisukuma upana wa unywele, akafumba lile taya la chuma kusikiliza linavyogonga, akalifumbua, akalisukuma tena. Alikuwa anapumua polepole kama mtu anayeswali. Meno ya mbele yakakutana. Lililofuata alilipinda kidogo, likapanda bega la mwenzake. Nikataka kumwambia amekosea tena, nikatazama picha, nikaona limepinda vile vile. Mimi nilikuwa nimeitazama picha ile mara mbili na sikuliona.

Nilisahau deki yangu. Maji yalipoa ndooni. Mbele ya macho yangu kicheko cha mwanamke nisiyemjua kilikuwa kinaota kutoka kwenye nta, na aliyekuwa anakiotesha ni kile kitoto kilichokuwa kikitambaa chini ya makabati. Gurnam, ambaye huzungumza hata akinywa maji, akasogeza kiti chake karibu.

Saa nane Bi Kamlesh akafika. Sisi watatu tukasimama kwenye ngazi, na mlango wa daktari ulikuwa wazi nusu.

"Sema sitini na sita," tukamsikia daktari, anapima matamshi yake.

"Sitini na sita."

"Tena."

"Sitini na sita! Unanifundisha hesabu?"

Gurnam akabana kicheko. Safiya alikuwa ameushika mkono wangu. Sijui aliushika saa ngapi, sikuutoa.

Bi Kamlesh akapewa kioo. Mkono wake ulikuwa mdomoni kama watu wasio na meno wanavyozoea, akaushusha taratibu, akasogea karibu na kioo.

"Hili lililopinda," akasema.

Safiya alifumba macho.

"Tunaweza kulinyoosha," daktari akasema.

"Thubutu! Marehemu mume wangu alinitania kwa jino hili tangu siku ya kwanza. Nani amekwambia kuhusu jino hili?" Akaanza kucheka na kulia pamoja, kichwa nyuma, na kilikuwa kile kicheko cha kwenye picha, kimetoka kwenye karatasi kimekaa kitini.

Gurnam akatia saini papo hapo, karatasi ameiegemeza ukutani. "Umehesabiwa, puttar," akasema. "Sasa nenda kapige deki, nta yako imejaa sakafuni."

"Deki ni yangu," nikasema. "Mwache."

Nilipotoka jioni gari la Azizi lilikuwa limesimama nje, linamngoja binti yake. Tangu talaka sikuwa nimempa neno. Akashusha kioo.

"Amepasi?" akauliza.

"Kapasi," nikamjibu. "Na wewe humo hukuwamo."

Nikavuka barabara nikapanda basi. Lilikuwa limejaa watu wa kutoka kazini, wanapiga miayo, wanaongea na simu, wanacheka. Njia nzima nilikuwa natazama midomo yao.