Nilivyomwita Bwana Murtaza tapeli ukumbini

Jambo hili naona haya kulisimulia hata leo, na mume wangu akilianzisha mbele ya wageni mie hukimbilia jikoni, lakini leo nalisema mwenyewe, nichekeni mmalize.

Kiwanda cha nguo nilichokuwa nikifanya kazi kilipofungwa nilibaki na cherehani yangu na mdomo wangu (mdomo ndio ulioniponza). Binamu yangu akanipeleka duka la intaneti pale Usagara, wakati huo ndiyo kwanza limefunguliwa, akanionyesha ukumbi wa mtandaoni ambao watu wa Tanga walioko Maskati na London huandikiana humo, nami nikaanza kutangaza magauni yangu, oda zikaja, nikajiona mfanyabiashara wa kimataifa, na huku nabonyeza kwa kidole kimoja.

Akaja Rukia wa Maskati, anataka sare za arusi ya mdogo wake. Nikamwandikia kwa barua pepe, "Pamba tupu, haichuji rangi." Vitambaa vyangu siku zote nanunua kwa Bwana Murtaza, lakini safari hiyo alikuja mtu na jora alilolipitisha mpakani kule Moa, bei ya chini mno, nikalichukua bila hata kulilowesha maji.

Arusi ikafika, joto likafanya kazi yake, na Rukia akaandika ukumbini mbele ya kila mtu: "Dada zangu wametoka zambarau mpaka kwapani. Fundi yuko wapi?"

Wateja wangu wote walikuwa wanasoma, na badala ya kusema nimekosea, nikaandika: "Muulizeni Murtaza, tapeli mkubwa, anauza vitambaa vibovu na anajua." Nikabonyeza. Nikarudi nyumbani mwepesi kabisa, nikapika na wali wa nazi.

Siku ya nne ikaletwa barua ya wakili.

Wiki mbili baadaye, siku niliyoitwa, ofisini nilimkuta Bwana Murtaza, hanitazami, pembeni yake mama yake mzee mwenye mtandio mweupe, na nyuma ya meza wakili, Bi Salma. Mezani kulikuwa na karatasi, na juu yake maneno yangu yamechapwa, neno tapeli linanikodolea macho.

"Haya umeandika wewe?" Bi Salma akauliza.

"Ni mimi, lakini yale ya kwenye kompyuta ni maongezi tu, bibie."

"Maongezi yaliyosomwa Maskati, London na hapa Tanga. Mwanasheria hatazami umeandika wapi, anatazama umeandika nini, nani kakisoma na kama ni kweli. Je, ni kweli?"

Nikajibu ndiyo (astaghfirullah). Hapo akatoa mfuko, na ndani yake gauni moja, Rukia kalituma. Akaligeuza ndani nje, akanisogezea.

"Soma hapo kwenye mshono."

Mie na uvivu wangu huwa siupunguzi ukingo wa kitambaa, naukunjia ndani, na kwenye ukingo huo kulikuwa na chapa ya kiwanda cha ng'ambo ya mpaka. Bwana Murtaza hajauza kitambaa hicho maishani mwake. Nilisoma kwa sauti.

"Na hii je?" Akanionyesha karatasi ya pili, ile ahadi yangu ya pamba tupu. "Ulichomwahidi mteja kwa barua pepe ni makubaliano. Bwana Murtaza anaweza kukushtaki, na Rukia naye anaweza."

Nikalia. Bwana Murtaza ndipo akafungua kinywa. "Dada, mimi mahakama sitaki. Andika palepale ulipoandika."

Tukaenda lile duka la Usagara sote wanne, mchana kweupe, foleni ya wanafunzi imejaa hadi mlangoni. Nikaandika kwamba nimesema uongo, mtandao ukakatika. Nikaandika tena, ukakatika. Mara ya tatu mwenye duka, kwa kutaka kunisaidia, akasema, "Wewe taja mimi nichape," basi ikabidi niutaje uongo wangu kwa sauti mbele ya watoto wa watu: "Bwana Murtaza si tapeli. Kitambaa nilinunua kwa magendo. Nilimsingizia." Mwanafunzi mmoja akasema, "Rudia, mama, hatujasikia huku nyuma," wakaangua kicheko, na mie nikatamani ardhi ipasuke.

Magauni ya Rukia nimeyashona upya yote, bure.

Lakini kilichonikaa ni pale mlangoni tulipokuwa tunaachana. Nilimwinamia yule mama mzee, nikamwambia shikamoo. Akaitikia marahaba, taratibu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, na wale waliosoma la kwanza wasisome hili la pili, utawapata wapi?"

Wallahi tangu siku ile, nikiwa na hasira sikai mbele ya kompyuta.