Bei ya Haki

Mradi wa karanga wa Waingereza ulipokufa, Nachingwea ilibaki na vyuma vingi na mafundi wachache. Mmoja wao, Mngoni mwenye kicheko kama kikohozi, alifungua gereji yake chini ya mabati manne. Mjomba wangu akanunua lori chakavu kati ya yale yaliyoachwa. Lori hilo lilibeba ufuta wa Mbekenyera, na ufuta ndio ulionisomesha chuo kikuu, Uganda.

Nilikuwa likizo giaboksi ilipovunjika. Ilibaki wiki moja wanunuzi wa ufuta wafunge mizani na msimu uishe.

"Shilingi mia nne, mateka wangu," fundi alisema.

"Babu yako aliiba mbuzi wetu, leo wewe unaiba lori?" mjomba akajibu.

"Mbuzi wenyewe walikonda kama wewe. Mia tatu."

"Giaboksi imevunjika ilipoiona sura yako."

"Haya, mia mbili, maana umenichekesha."

Sisi Wamwera na Wangoni ni watani tangu mababu zao walipowateka mababu zetu vitani. Kila tusi liliteremsha bei, na mjomba alikuwa na shilingi mia moja tu, ila matusi alikuwa nayo ya kutosha. Mimi, mwenye mihula miwili ya uchumi kichwani, niliona ujambazi. Nikaweka miwani sawa.

"Bwana, wewe ni mwizi. Tuandikie gharama zako, ama twende kwa bwana shauri wa wilaya."

Kicheko kikakatika.

"Huyu nani?" fundi alimuuliza mjomba.

"Mpwa wangu," mjomba alijibu, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Fundi akafuta mikono, akaandika polepole: vipuri kutoka Lindi, siku tatu za kazi. Jumla, mia mbili na arobaini. Niliikagua mara mbili. Haikuwa na senti ya wizi.

"Hiyo ndiyo bei ya haki, bwana," aliniambia. Mjomba hakumtukana tena.

Mia moja ya mjomba haikutosha; ufuta ukabebwa na wengine, mizani ikafungwa. Mjomba akamuuzia fundi lori, nalo kwa bei ya haki.

Mwaka uliofuata tulikuwa tukienda Ruangwa kwa miguu, lori letu likatukuta. Fundi akafunga breki.

"Mateka! Pandeni, miguu yenu inaharibu barabara!"

Alikuwa akingoja tusi. Nilimwona akilingoja.

"Shikamoo, bwana," mjomba alisema, akamwamkia mtu wa rika lake. Kisha akanigeukia. "Msomi, muulize nauli ya haki ni kiasi gani."

Nikauliza. Fundi akaondoa gari, tukala vumbi lake hadi Ruangwa.